Maswali ya Wasomaji: Kukusanya Data kwa Ajili ya Utafiti

Wanafunzi wengi wa vyuo vya Mombasa wanajiandaa kwenda nyanjani, na barua walizotuletea zinazungumzia jambo moja: namna ya kukusanya data itakayoaminika. Barua zilizochaguliwa hapa zimefupishwa, na majina ya waandishi yameachwa kwa ombi lao.

Maalim, asalaam aleikum. Natafiti jinsi wanawake wanaouza mboga na matunda katika soko la Kongowea wanavyotumia mikopo ya vikundi. Msimamizi wangu ameniagiza nihoji watu 384, na wenzangu wawili wenye mada tofauti kabisa wamepewa idadi hiyo hiyo. Idadi hii inatoka wapi? Nikiwapata watu hao 384, utafiti wangu utakuwa sahihi?
*Mwanafunzi wa uzamili, Kisauni*

Waaleikum salaam, binti yangu. Idadi hiyo haikuokotwa njiani. Inatokana na kanuni ya takwimu ambayo mtafiti huitumia anapotaka kukadiria asilimia fulani katika kundi kubwa sana la watu, akiwa na uhakika wa asilimia 95 na akikubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini. Kwa kuwa hajui asilimia anayoitafuta ni ipi, huchukua nusu kwa nusu, hali ambayo hudai watu wengi zaidi. Ukizidisha 1.96 kwa 1.96, kisha kwa 0.5 na tena kwa 0.5, na ukagawanya jibu kwa 0.05 mara 0.05, utapata 384 na sehemu ndogo. Kundi lengwa likiwa dogo, idadi hushuka: katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo wanafunzi wengi hulitumia, kundi la watu 600 linahitaji sampuli ya watu 234. Ukitaka kosa lipungue kwa nusu, yaani lifike asilimia 2.5, sampuli ya kundi kubwa itabidi izidi mara nne na kufikia watu 1,537. Kwa hiyo, kabla ya kuikubali 384, muulize msimamizi wako kwa heshima ni kosa la kiasi gani mnaloweza kulivumilia, na kundi lenu lina watu wangapi.

Hata hivyo, hesabu hiyo yote husimama juu ya sharti moja ambalo watu hulisahau upesi, nalo ni kwamba kila mtu katika kundi lengwa awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Sharti hilo likivunjwa, wingi wa watu hauokoi chochote. Mwaka 1936, jarida la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10 ili litabiri mshindi wa uchaguzi wa urais, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya walioulizwa yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo mtu wa kipato cha chini hakuwa na simu wala gari, na isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na wale waliozitupa. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo sana kuliko hiyo lakini iliyopangwa kwa uangalifu, alimtaja mshindi sawasawa.

Sasa turudi Kongowea. Ukisimama langoni saa nne asubuhi na kumhoji kila mama atakayekubali kusimama nawe, utakuwa umewakosa wale wa jumla waliofika alfajiri na kumaliza biashara yao, na utakuwa umewakosa wale wenye wateja wengi, kwa sababu hao hawana nafasi ya kuzungumza. Watakaobaki ni wale ambao biashara yao imelala siku hiyo. Tazama athari yake kwa mada yako: mama ambaye bidhaa zake haziendi ndiye anayeelekea zaidi kutumia mkopo kwa chakula cha nyumbani au kwa kulipia mkopo mwingine. Utahitimisha kwamba mikopo haisaidii, kumbe umekusanya majibu ya upande mmoja wa soko.

Njia iliyo bora ni kuanza na orodha. Ukipata daftari za vikundi vya mikopo, zitumie, lakini kumbuka kwamba haziwataji wanawake wasio na kikundi, na kama swali lako linawahusu nao, daftari hizo hazitoshi. Ikiwa hakuna orodha, itengeneze mwenyewe: pita sokoni siku moja kabla ya kuhoji mtu yeyote, uchore ramani ya safu, uzipe meza namba, na usiwasahau wanaotandika magunia chini nje ya majengo. Kisha chagua kwa bahati nasibu namba ya kuanzia, tuseme kati ya 1 na 5, na kutoka hapo uende kwa kila muuzaji wa tano. Yule uliyemchagua asipokuwepo, rudi siku nyingine na saa nyingine. Usimchukue jirani yake kwa sababu tu yuko karibu na anatabasamu. Wanaokataa waandikwe idadi yao, maana msomaji wa tasnifu yako ana haki ya kujua kwamba kati ya watu uliowaendea ni wangapi waliojibu.

Nina jambo moja zaidi, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko la 384. Umeandika kwamba unataka kujua "jinsi" wanawake wanavyotumia mikopo. Kama unataka kujua ni asilimia ngapi wameitumia kuongeza bidhaa, hiyo ni kazi ya kuhesabu, na sampuli kubwa inafaa. Kama unataka kuelewa namna mama anavyoamua kati ya karo ya mtoto na kreti ya nyanya, hojaji 384 za kutia alama hazitakuambia. Mahojiano marefu na watu wachache waliochaguliwa kwa makusudi yatakuambia mengi zaidi, nawe utaendelea hadi mahojiano mapya yasipoleta jambo jipya. Mwaka 2006, Guest na wenzake walichapisha uchambuzi wa mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mada zilikuwa zimeshajitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Usiichukue hiyo 12 nayo ukaifanya sheria mpya, kwa kuwa kundi lenye watu wa hali tofauti sana linahitaji zaidi. Lililo muhimu ni kwamba swali la utafiti ndilo linaloamua njia, na njia ndiyo inayoamua idadi. Kwenu ninyi watatu, idadi imekuja kabla ya swali.

Maalim, nimeandaa hojaji yenye maswali 62 kuhusu kipato cha wauzaji wa vyakula vya mitaani. Nilipoijaribu kwa watu wachache, walichoka kabla ya kufika mwisho, na kwenye swali la kipato cha mwezi karibu wote walinijibu "inategemea" au wakataja elfu kumi. Nirekebishe wapi?
*Mtafiti chipukizi, Likoni*

Umefanya vyema kuijaribu kwanza, kwa kuwa wengi hugundua kasoro hizi wakati karatasi mia tatu zimeshajazwa. Hojaji yako inahitaji mambo mawili: kupunguzwa, na kuulizwa upya.

Ili uipunguze, chukua karatasi tupu na uchore majedwali utakayoyaweka katika sura ya matokeo, yakiwa na vichwa vyake lakini bila namba. Kisha lisome kila swali na ujiulize jibu lake litaingia katika jedwali gani. Swali lisilo na mahali pa kwenda liondoe, hata kama ni swali zuri. Dini, kabila, idadi ya watoto na kiwango cha elimu huwekwa katika hojaji nyingi kwa mazoea, na mhojiwa huanza kujiuliza kwa nini mtu anayetafiti mauzo ya mahamri anataka kujua kabila lake. Kwa uzoefu wangu wa kuwasimamia wanafunzi, hojaji nyingi zingeweza kupoteza thuluthi ya maswali bila tasnifu kupoteza aya moja.

Kuhusu kipato, kosa si la wahojiwa wako. Mwenye mshahara huhesabu kwa mwezi, lakini muuzaji wa viazi karai huhesabu kwa siku, na mara nyingi pesa za biashara na pesa za nyumbani ziko katika mkoba mmoja. Unapomwuliza kipato cha mwezi, unamtaka afanye palepale, mafuta yakiwa jikoni na wateja wakingoja, hesabu ambayo hajawahi kuifanya. Atakupa namba ya kukuridhisha, na ndiyo hiyo elfu kumi. Mwulize badala yake kuhusu siku moja iliyo karibu. Jana uliuza? Kama hukuuza, siku ya mwisho uliyouza ni ipi? Siku hiyo ulinunua viazi vya shilingi ngapi, unga wa shilingi ngapi, mafuta, ukwaju na makaa ya shilingi ngapi? Kuna ulichokuwa nacho tangu siku ya nyuma? Jumla ya mauzo ilikuwa kiasi gani, na kuna waliokula kwa mkopo? Kuna viazi vilivyoliwa nyumbani au vilivyobaki? Hapo utaikokotoa faida wewe mwenyewe, naye hatalazimika kukisia. Maswali haya ni mengi kuliko lile moja, lakini kila moja lina jibu ambalo mtu analikumbuka.

Kwa kuwa siku hazifanani, wahojiwa wako wasambaze katika siku mbalimbali za juma na katika mwanzo na mwisho wa mwezi. Jihadhari sana na Ramadhani. Katika mwezi huo biashara ya vyakula katika mitaa mingi ya Mombasa huhamia jioni, wengine hufunga kabisa na wengine huanza kuuza futari kwa wiki hizo tu, hivyo data iliyokusanywa wakati huo ni sahihi kwa Ramadhani na haiwezi kuusemea mwaka mzima. Kama huna budi kukusanya wakati huo, sema hivyo wazi katika ripoti.

Kuna swali lingine katika nakala uliyotuletea ambalo sitaliacha lipite: "Je, unaridhika na usafi na bei za mahali unapouzia?" Hayo ni maswali mawili katika sentensi moja. Anayeridhika na usafi lakini analalamikia bei ya kodi atajibu nini? Yatenganishe. Vilevile lile linaloanza kwa maneno "Kwa kuwa askari wa kaunti huwasumbua wauzaji" limeshamwambia mhojiwa jibu unalolitaka. Mwulize tu kama katika mwezi uliopita kuna mtu yeyote aliyemzuia kuuza, na akisema ndiyo, mwulize ni nani na ilikuwaje. Maswali ya pesa yaweke katikati au mwishoni, baada ya mazungumzo kushika njia. Na Kiswahili cha maswali yako kiandikwe chote kabla ya kwenda, kisiachwe kila msaidizi atafsiri kichwani mwake akiwa barabarani, kwa sababu wasaidizi watatu watauliza maswali matatu tofauti, nawe utayachanganya majibu yao ukidhani ni jibu la swali moja.

Naomba kuuliza kama naweza kutumia takwimu za sensa badala ya kwenda nyanjani.
*Msomaji, Changamwe*

Unaweza, ikiwa swali lako linajibika kwa data hizo, na hakuna aibu yoyote katika kutumia data zilizokusanywa na wengine. Sensa iliyofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu mnamo Agosti 2019 iliihesabu Kaunti ya Mombasa kuwa na watu 1,208,333, na ripoti zake zinaonyesha mgawanyo wa kaunti ndogo zote sita, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Wewe peke yako huwezi kuikusanya data kama hiyo. Lakini iliulizwa kwa malengo ya sensa, si kwa malengo yako, na ni ya mwaka 2019. Angalia jinsi kila neno lilivyofafanuliwa katika ripoti, hasa "kaya" na "ajira", kabla hujalipa maana uliyonayo wewe. Watafiti wengi huitumia sensa kupangia sampuli, kisha huenda nyanjani kwa yale ambayo sensa haikuyauliza.

Maalim, natafiti historia ya ufundi wa kuchonga milango katika Mji wa Kale. Wazee wananipokea vizuri na kunikaribisha kahawa, lakini nikitoa fomu ya ridhaa mazungumzo hupoa. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, neno langu halitoshi mpaka nitie saini?" Naweza kuiacha fomu?
*Mwanafunzi, Tudor*

Mzee huyo ameuliza swali la haki, na unatakiwa kumjibu kwa adabu ile ile aliyokukaribishia. Saini ni ushahidi wa ridhaa. Ridhaa yenyewe ni kwamba mtu ameelewa unachokifanya, amejua anaweza kukataa au kuacha katikati bila kuulizwa sababu, kisha akakubali kwa hiari yake. Mtu anaweza kutia saini bila kuridhia, na anaweza kuridhia bila kutia saini. Kamati nyingi za maadili hukubali ridhaa ya mdomo pale ambapo karatasi inazuia mazungumzo, mradi ulieleze jambo hilo katika pendekezo lako mapema na uonyeshe maneno utakayoyasoma na namna utakavyohifadhi kumbukumbu ya jibu, kwa mfano kwa kulirekodi mwanzoni mwa mahojiano. Lisilokubalika ni wewe kuamua peke yako, ukiwa barazani, kwamba sharti hilo halikuhusu.

Vibali vingine havina mbadala. Chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa waziwazi, zisizidi zile zinazohitajika, na zisihifadhiwe kuliko muda unaohitajika. Wanafunzi hulalamika kwamba taratibu hizi ni mzigo. Ni mzigo uliotokana na madhara ya kweli. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, watafiti wa serikali waliwafuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na wakawanyima penisilini hata baada ya dawa hiyo kujulikana kuwa inatibu. Kila mstari wa fomu ya ridhaa una mtu aliyeumizwa nyuma yake.

Huenda fomu yako inawaudhi wazee kwa wakati inapotoka kuliko kwa yaliyomo. Usiichomoe mfukoni baada ya kahawa, mzee akiwa ameshaanza kusimulia. Ziara ya kwanza iwe ya kujitambulisha tu: sema wewe ni mtoto wa nani, unasoma wapi, unataka kuandika nini, nani ataisoma kazi hiyo, na sauti zilizorekodiwa zitakwenda wapi. Mwachie karatasi, awashauri wanawe akipenda. Ukirudi baada ya siku chache, fomu itakuwa jambo analolifahamu.

Fikiria pia suala la majina. Tumezoea kuahidi kwamba jina la mhojiwa litafichwa, lakini katika Mji wa Kale ukiandika "fundi mzee mwenye karakana nyuma ya msikiti" umeshamtaja, kwa sababu jirani yeyote atamjua. Kama ana sababu ya kufichwa, itabidi ubadilishe au uondoe na maelezo hayo. Kwa upande mwingine, fundi aliyechonga milango maisha yake yote anaweza kutaka jina lake liandikwe, na kumficha ni kumnyang'anya kazi ya mikono yake. Mwulize kila mmoja anataka lipi, na ukimaliza kuandika, rudi umsomee sehemu inayomhusu. Wazee husahihisha mengi katika kikao hicho cha pili, yakiwemo majina ya miti, ya patasi na ya mafundi waliowafundisha, na masahihisho hayo ni data iliyo bora kuliko ile ya siku ya kwanza.

Nimegundua kwamba msaidizi wangu mmoja alijaza baadhi ya hojaji mwenyewe bila kuwahoji watu. Nimebakiwa na wiki mbili. Nizitoe zile ninazozishuku tu?
*Mtafiti, Jomvu*

Pole sana. Zitoe zote alizozileta msaidizi huyo, kwa kuwa zile usizozishuku hazina ushahidi wowote wa kuaminika, na huenda zimeghushiwa kwa ustadi zaidi tu. Kisha waambie msimamizi wako na, katika sura ya mbinu, wasomaji wako: hojaji ngapi ziliondolewa, kwa sababu gani, na sampuli imebaki na watu wangapi. Utafiti wenye watu 180 wa kweli unaweza kutetewa mbele ya jopo. Wenye 240 ambao 60 kati yao hawakuwahi kuulizwa hauwezi.

Kwa wiki mbili zilizobaki, tumia fomu za simu badala ya karatasi ikiwa unaweza. Programu kama KoboToolbox na ODK zinapatikana bila malipo, hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao, na zinaweza kuhifadhi saa ambayo kila mahojiano yalianza na kumalizika pamoja na mahali yalipofanyika. Mahojiano ya dakika ishirini yaliyokamilika kwa dakika nne, au kumi yaliyofanyika mahali pamoja mfululizo, utayaona jioni ile ile. Omba namba ya simu kwa wahojiwa walioridhia, na kila jioni uwapigie wachache uliowachagua kwa bahati nasibu, uwaulize kama walitembelewa na uwarudishie maswali mawili matatu yenye majibu yasiyobadilika. Wasaidizi wajue tangu mwanzo kwamba utafanya hivyo.

Tazama pia namna unavyowalipa. Ukimlipa msaidizi kwa kila fomu, kila mlango uliofungwa unamla mfukoni, na kishawishi kinakuwa kikubwa. Mlipe kwa siku, umpe nauli ya tuktuk na pesa ya chakula, na umwambie kwamba fomu iliyoandikwa "amekataa" ni kazi iliyofanyika sawasawa. Hojaji za wasaidizi wengine nazo zikaguliwe kwa kipimo hicho hicho kabla hujaanza uchambuzi.